Nilikwenda kutazama sola ambayo haijajengwa

Treni ya kutoka King's Cross, London, ilinifikisha Peterborough ndani ya saa moja. Hapo nikahamia ile ndogo inayokwenda Stamford. Dada, binti wa mama mkubwa, alinipokea stesheni akiwa bado na sare yake ya uuguzi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kuniona mimi au umekuja kuangalia sola?"

Nikacheka tu. Jibu alikuwa nalo.

Ilikuwa Agosti 2024. Tarehe 12 Julai, siku chache baada ya chama cha Labour kushinda uchaguzi wa Uingereza, waziri mpya wa nishati, Ed Miliband, aliidhinisha kwa mkupuo miradi mitatu mikubwa ya umeme wa jua. Mmoja ni Mallard Pass, megawati 350, mpakani mwa Rutland na Lincolnshire, maili chache tu kutoka anakoishi dada. Mimi ni mtu wa Kishapu, Shinyanga. Kule Ngunga wakati huo tulikuwa tunajengewa mtambo wa sola wa kuingiza umeme gridi ya Taifa, awamu ya kwanza megawati 50, na vijiweni ulizungumzwa kama mtoto wa kwanza wa ukoo. Sasa mara saba ya huo, halafu watu wanaukataa? Nilitaka kuwaona watu hao kwa macho yangu. Nakiri nilikwenda na kicheko tayari mdomoni.

Kesho yake tukachukua gari hadi Ryhall, tukapandisha kuelekea Essendine. Barabara ni nyembamba, ua wa miti huku na huku, na nyuma yake ngano iliyoiva. Mabango ya kupinga mradi yalikuwa bado yamefungwa kwenye mageti. Paneli haikuwepo hata moja. Safari yote ile, na nilichokuja kukiona bado kilikuwa kwenye ramani.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja anayeimba kwaya na dada. Alitutembeza na mbwa wake kwenye njia ya miguu inayokatiza mashamba. Nikamwuliza kwa nini hapa, kwani nchi nzima imekosa uwanda mwingine? Akanionyesha kwa fimbo upande kiliko kituo cha kupozea umeme cha Ryhall. Kituo hicho kinalisha reli kuu ya London kwenda kaskazini, na nyaya za gridi tayari zipo. Mwenye mradi hatafuti jua kwanza. Anatafuta pa kuchomeka waya. Jina lenyewe la mradi limetoka kwenye reli hiyo: kwenye mteremko huu, tarehe 3 Julai 1938, garimoshi la mvuke la Mallard liliweka rekodi ya dunia ya kilomita 203 kwa saa. Mzee alilisimulia hilo kwa furaha kuliko jambo lolote siku ile, kisha akakumbuka jina limechukuliwa na nani, akanyamaza.

Eneo la mradi linazidi ekari 2,000. Si zote zitakuwa paneli, kuna ua, mabonde na njia zitakazoachwa, na kondoo wanaweza kulishwa chini ya paneli. Hayo yote anayajua, kayasoma kurasa kwa kurasa. Kinachomkera ni kwamba uamuzi haukuwa wa halmashauri yao. Kwa sheria waliyokuwa nayo, mtambo ukizidi megawati 50 unaamuliwa na waziri London, na halmashauri inabaki kutoa maoni. Mbunge wao, Alicia Kearns, aliupinga hadi bungeni, akiuliza pia kama paneli zitatoka kwenye viwanda vinavyotajwa kutumikisha kwa nguvu Wauyghur, Waislamu wa kaskazini magharibi mwa China. Halafu kuna muda. Kibali ni cha miaka 60, na kwenye makaratasi hiyo inaitwa ya muda tu.

"Nina miaka 78," akasema. "Muda wa nani?"

Hapo kicheko changu kilipungua, ingawa hakikuisha. Ngano ile si yake. Mashamba yana wenyewe, na wenyewe watalipwa kodi mwaka hadi mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa mkulima anayeuza ngano kwa bei asiyoipanga, ningekuwa mimi ningesaini kabla kalamu haijakauka. Kwetu mradi ukija, anayelalamika ni yule aliyehamishwa na kusubiri fidia. Hapa wanalalamika waliobaki, ambao hawakunyang'anywa chochote kinachoweza kupimwa na mthamini. Wanacholilia ni njia ya asubuhi, na ukimya. Mthamini wa Kishapu angefunga daftari lake, akaomba maji ya kunywa.

Dada alikuwa nyuma yetu, akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Bili ya kupasha nyumba ikija Januari, hata hayo mandhari huyaoni."

Mzee akauliza amesema nini. Nikamwambia anasifia ngano.

Tulisimama pale ilipo reli. Treni ikapita kwa kishindo, mbwa akajibana miguuni kwa bwana wake, na mzee akaitazama saa yake kama mkuu wa stesheni. Akaniuliza kwetu nyumba ya mwisho iko umbali gani na paneli. Nikaona aibu. Megawati nazijua kwa kichwa, lakini hilo sikuwahi kuliuliza.

Jioni nikampigia mama. Nikamweleza habari za wazee wa kizungu wasiotaka sola.

"Hawajalipwa?" akauliza.

"Ardhi si yao, mama. Ni majirani tu."

"Sasa wanalia nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya njia ya miguu. Akanikatiza, kwani alisikia sauti ya dada. "Hebu mpe simu dada yako," akasema, "yeye anaishi nao."