Baa za Dodoma hazikufungwa, ila kuna watu walifungiwa nje

Kila nikikaa na mtu wa Kenya au Uganda tukaanza kukumbushana mambo ya korona lazima atauliza, eti nyie baa zenu zilifunguliwa lini? Namjibu hazikufungwa. Anashangaa, anasema aisee basi nyie mlikula raha. Hapo ndo huwa nakasirika kidogo, maana naona hata sisi wenyewe huku Dodoma tumeimeza hiyo stori, kwamba kwa kuwa serikali haikutoa amri ya kufunga baa nchi nzima basi hakuna aliyeumia. Waliumia watu, tena wengi, ila kwa kuwa hakukuwa na tarehe ya kufunga hakukuwa na tarehe ya kufungua, na kwa kuwa hakukuwa na tarehe ya kufungua hakuna aliyesimama mlangoni kuhesabu nani amerudi na nani hajarudi.

Naongea hivi kwa sababu mama yangu mdogo ana grosari Nkuhungu, upande huu wa barabara ya Singida, na kipindi kile mimi ndo nilikuwa namsaidia kufunga hesabu usiku. Grosari huku kwetu ni baa ndogo, na hii ni ya kawaida tu, kaunta yenye nondo, friji mbili, viti vya plastiki, TV imening'inizwa juu kwenye kona na pembeni kuna jiko la nyama choma chini ya mwarobaini. Wateja wake ni mchanganyiko, mafundi wa ujenzi wanaotoka saiti za Mtumba kwenye mji wa serikali, watumishi, wanachuo wachache, na madereva wa malori wanaopumzika kabla ya kushika njia ya Singida kwenda Nzega na huko mbele.

Lazima uelewe kwanza hela ya baa za Dodoma inatoka wapi. Toka Magufuli alivyotangaza mwaka 2016 kwamba serikali inahamia huku, na mji ukawa jiji 2018, baa zilichipuka kila kona, Area C, Area D, Kisasa, Ilazo, Ipagala, hadi mitaa ambayo zamani ilikuwa mashamba. Na msimu mkubwa kabisa ni Bunge la bajeti, kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa, wabunge, madereva wao, wageni wao, watu wa wizara, waandishi, watu wenye shida zao wanaokuja kumtafuta mbunge. Mwenye baa Dodoma analipa deni la kodi ya pango na ada za watoto kwa hela ya miezi hiyo mitatu. Mwingine akikwama Januari anakopa kabisa akijua Bunge likianza atarudisha.

Sasa angalia korona ilivyotupiga. Mgonjwa wa kwanza akatangazwa tarehe 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa, vyuo vikafuata hapohapo, ligi ikasimama. UDOM, chuo kikuu chetu cha Dodoma, ikamwaga wanafunzi wote, wiki moja tu baa za upande wa Chimwaga na Ng'ong'ona zikawa kama hazijawahi kuwa na mtu. Bunge la bajeti lilikaa ndio, ila idadi ya wabunge ukumbini ikapunguzwa na wageni wakazuiwa, halafu ndani ya siku chache tu wakafariki wabunge watatu, Mchungaji Rwakatare, Ndassa, na Balozi Mahiga ambaye alifia hapahapa Dodoma tarehe 1 Mei. Baada ya hapo hata ungempa mtu bia ya bure asingekaa. Na mpira ndo hivyo, Ulaya nako walisimamisha, TV ya grosari ikawa inarudia mechi za zamani ambazo kila mtu anajua matokeo.

Nakumbuka vizuri ile ndoo ya maji yenye koki pale mlangoni, imewekwa juu ya stuli, chini beseni, pembeni chupa ya maji ya Kilimanjaro imetobolewa kizibo ndani kuna sabuni. Mhudumu ndo kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsimamia mteja anawe, kuna wateja walikuwa wanakasirika, wanamwambia wewe nani unaniosha, na yeye anacheka tu anamimina sabuni. Na nakumbuka mama mdogo usiku tukishamaliza hesabu anachukua tochi ya simu anakagua tarehe kwenye chupa moja moja, zile zinazokaribia kuisha muda anazisogeza mbele kwenye friji. Biashara ikiwa nzuri huna hata muda wa kuangalia tarehe, bia inaingia leo na kesho kutwa kreti linarudi tupu depo. Kipindi kile kreti zilikaa mpaka zikashika vumbi.

Watu wakisikia baa wanafikiria mwenye baa. Sio hivyo. Baa ya kwetu ni biashara nyingi zimekaa sehemu moja. Kaunta ni ya mama mdogo. Jiko la nyama ni la jamaa mwingine kabisa, analipia eneo, anaenda mwenyewe kununua mbuzi mnadani. Chipsi ni ya kijana mwingine, ana kabati lake la kioo pale getini. Kuna mama anapita na mayai ya kuchemsha na kachumbari, kuna mzee wa karanga, bodaboda wanaolala pale nje wakisubiri walevi, mlinzi wa usiku, dada anayekuja asubuhi kufagia na kuosha glasi. Wote hao wanakula kutokana na mtu mmoja aliyeamua kukaa chini na kusema nipe moja baridi. Asipokaa, hakuna hata mmoja wao anayepata kitu, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kwenda ofisi yoyote akasema kazi yangu imefungwa nisaidieni, wangemuuliza imefungwa na nani wakati baa iko wazi?

Na wahudumu ndo walioumia kuliko wote. Wale dada pale walikuwa watatu, mmoja wa Kondoa, mmoja Mpwapwa, mmoja katokea Manyoni. Mshahara wao ulikuwa mdogo sana, ila kwa kweli walikuwa hawaishi kwa mshahara, waliishi kwa chenji, mteja anakwambia hiyo baki nayo, na kwa soda ya kununuliwa ambayo haifunguliwi inaandikwa kaunta kama hela. Wateja wakipungua chenji inakufa siku hiyohiyo. Hakuna mkataba, hakuna NSSF, yaani ule mfuko wa hifadhi ya jamii, hakuna chochote. Mpaka Aprili inaisha wawili walishaomba nauli wakarudi kwao, wa tatu akabaki kidogo halafu naye akaondoka. Wa Kondoa alikuwa anajua kila mteja anakunywa nini na anaipenda ya baridi kiasi gani, akiona pikipiki ya mtu inakata kona tu chupa iko mezani, na aliyekuwa na deni anamkumbusha kwa kumnong'oneza wenzake wasisikie. Ile ndo ilikuwa grosari yenyewe.

Wenzetu mambo yao yalikuwa na amri na tarehe. Uganda Museveni alifunga baa Machi 2020, mwanzoni watu wakijua ni kama mwezi tu, zikaja kufunguliwa rasmi tarehe 24 Januari 2022, yaani karibu miaka miwili. Kuna dereva mteja wetu anayepiga njia ya Mutukula, mpakani na Uganda, alikuwa anatusimulia, foleni ya vipimo mpakani, madereva wanakimbiwa kila mji wanaopita kama wao ndo wametengeneza ugonjwa, na baa za barabarani alizozizoea zimegeuka maduka ya chapati au zimepigwa kufuli kabisa. Kenya walifunga, wakafungua mwishoni mwa Septemba 2020 kwa masharti ya kufunga saa nne usiku, Machi 2021 Nairobi na kaunti za jirani zikafungwa tena, zikafunguliwa Mei kwa masharti, na kafyu yenyewe Rais Uhuru Kenyatta akaja kuiondoa tarehe 20 Oktoba 2021. Ireland nayo ilikuwa na yake, baa inayouza chakula iliruhusiwa kufungua mwisho wa Juni 2020 ila mteja lazima ale mlo wa kuanzia euro 9, zisizo na jiko zikasubiri mpaka Septemba, na za Dublin zikangoja zaidi.

Uingereza ndo nimeifikiria sana. Walifunga tarehe 20 Machi 2020, wakafungua 4 Julai, wakafunga tena, halafu tarehe 12 Aprili 2021 wakaruhusiwa kunywea nje tu. Zile picha nadhani kila mtu aliziona, watu wamekaa bustanini na majaketi na baridi lile wananyanyua glasi kwa furaha, ndani waliingia tarehe 17 Mei. Ila hela sasa. Serikali yao ilikuwa inalipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa, mpaka pauni 2,500 kwa mwezi. Mhudumu wa baa yuko nyumbani na mshahara unaingia! Na pamoja na yote hayo, walipofungua 2021 walikosa wahudumu, wengine walishahamia kazi zingine, wengine walisharudi kwao Ulaya, baa zingine zikawa zinapunguza siku za kufungua. Sasa kama wao waliolipwa hawakurudi wote, wa kwetu ambaye hakulipwa hata mia ungetegemea arudi vipi?

Huku kwetu watu walianza kurudi Juni 2020. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1, ligi ikarudi tarehe 13, na Uingereza nao wakaanza kucheza siku chache baadaye, kwa hiyo TV ikapata kazi. Jumamosi ya kwanza yenye mpira grosari ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya kreti. Mama mdogo alifurahi sana ila nilimwona anazunguka mwenyewe na chupa, mama wa umri wake, kwa sababu wahudumu aliokuwa nao ni wapya, hawajui meza wala bili, bia zinapelekwa kwa wasioagiza, mtu analetewa ya moto anaanza kufoka. Mteja mmoja mtu mzima tu akamuuliza, mama yule binti yako yuko wapi? Mama mdogo akasema yuko kwao. Akauliza anarudi lini, hakujibiwa.

Nilimpigia simu yule dada wa Kondoa wakati huo, niliagizwa na mama mdogo. Akanisalimia vizuri, akauliza hali ya mama, halafu akasema kaka mimi siwezi kurudi, nimeshaanza kulima ufuta na baba, na pale nikirudi ikitokea tena nitaanzia wapi? Sikuwa na la kumwambia. Na kweli ilitokea tena, kile kipindi cha mwanzo wa 2021 ambacho sote tunakijua, watu wanajifukiza majumbani, tangawizi na malimau yamepanda bei Majengo sokoni, na takwimu rasmi zilishasimama toka mwaka uliopita kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, kwa hiyo kila mtu alikuwa anahesabu kwa misiba ya mtaani kwake. Pale grosari kuna wazee walikuwa wanakaa meza ya chini ya mwarobaini kila jioni wanacheza drafti. Wawili hatukuwaona tena baada ya Februari. Siwezi kusema ni nini kiliwaua, ila tuliwazika.

Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasema baa zilifunguliwa nauliza kwanza zilifunguliwa kwa nani. Mwenye kiwanda alipata soko lake, mwenye baa akapata wateja, mteja akapata kiti. Mhudumu alipata nini? Sheria yetu iko wazi, mwajiri anatakiwa kumwandikisha mfanyakazi NSSF, mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri analipa angalau nusu yake. Na hata mama wa mayai na jamaa wa nyama kuna utaratibu wa kujichangia kwa watu wa sekta isiyo rasmi. Ukizunguka Dodoma hii ukauliza wahudumu wa baa wangapi wana namba ya uanachama utasikitika, wengine hata majina yao kamili mwajiri hayajui, anawajua kwa majina ya kaunta. Halafu huyohuyo mwenye baa ana leseni ya vileo, ana mashine ya risiti, analipia king'amuzi kila mwezi bila kuchelewa maana mpira usipoonekana wateja wanahama.

Mama mdogo nilimpigia kelele kwa muda mrefu kuhusu hili. Alikuwa ananiambia mwanangu, hao mabinti wenyewe hawakai, leo yuko hapa kesho yuko baa ya jirani, nimwandikishe wa nini? Nikamwambia hawakai kwa sababu hakuna kinachowakalisha. Akanyamaza. Mwaka jana akaandikisha wawili, akawapa na karatasi ya mkataba tuliyoiandika kwa Kiswahili chepesi, mshahara hiki, siku ya mapumziko hii, ukiumwa inakuwa hivi. Mmoja alikuja juu, hataki hela yake ikatwe, anasema uzeeni ni mbali na yeye ana mtoto darasa la pili, wakavutana pale kaunta mpaka karibu saa tano usiku na wateja wakaingilia kila mtu na lake. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba kila mwezi mama mdogo amwonyeshe risiti ya malipo, na kweli kila ikifika tarehe 5 anamdai kama anavyodai bili za wateja.