Siku moja maishani mwangu: mhudumu wa zahanati Mtwara, siku 9 kabla ya mtihani

Saa 10 na nusu alfajiri
Alamu ikilia siinuki kwanza, navuta daftari hapo hapo kitandani maana saa hizi ndo kichwa kinashika. Naishi Magomeni, Mtwara mjini, chumba kimoja na mwenzangu wa darasani, yeye bado kalala. Leo narudia upumuaji. Mtu mzima 12 mpaka 20 kwa dakika. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40 anapumua haraka, wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50, kichanga chini ya miezi 2 akifika 60. Namba ninazo siku nyingi, shida yangu ilikuwa kwingine kabisa, ntaeleza.

Saa 12
Naoga, uji, muhogo uliobaki jana, natoka. Kusi inavuma, asubuhi ina kibaridi mpaka najifunga kanga mabegani juu ya yunifomu.

Saa 1 asubuhi
Zahanati ninayofanya kazi ni ndogo, vitanda 4 vya mapumziko. Sista wa usiku anakabidhi ripoti, mi naanza usafi. Cha kwanza ni maji ya klorini, na hapa niseme kitu kwa wenzangu mnaojiandaa na cheti cha uhudumu wa afya kama mimi, hili swali lipo kila mara kwenye majaribio yetu na watu wengi wanamiminaga tu kwa macho. Tunataka asilimia 0.5. Jik yetu ni ya asilimia 3.5, kwaiyo 3.5 gawanya kwa 0.5 unapata 7, toa 1 inabaki 6. Kopo 1 la Jik, makopo 6 ya maji, kopo lile lile. Vifaa vinakaa humo dakika 10. Af soma chupa kabla, ikiwa na asilimia nyingine hesabu nayo inabadilika, usikariri 6 kama dua.

Boksi la sindano likifika robo tatu nalifunga, hata kama mtu anasema bado lina nafasi.

Saa 3
Wagonjwa wameshajaa kwenye mabenchi. Kazi yangu ni kuwapima vaito saini kabla hawajaingia kwa daktari, joto, presha, mapigo, upumuaji. Sasa ndo niwaeleze ile shida. Miezi michache nyuma foleni ikiwa ndefu nilikuwa naandika 20 kwenye upumuaji. Kila mtu 20. Bibi 20, kijana 20, mjamzito 20. Siku moja sista akapanga kadi 11 mezani, zote 20, akaniuliza taratibu, wala hakupandisha sauti, "Mdogo wangu, hawa wote wanapumua sawasawa?" Nililia chooni. Sio kwa sababu nimesemwa, ni kwa sababu nilijua mle ndani angeweza kuwepo mtu mgonjwa kweli nikampitisha.

Tangu siku ile nahesabu dakika nzima. Sista alinionesha namna, ukimaliza mapigo usiachie mkono, acha vidole pale pale kama bado unahesabu mapigo, macho yaende kifuani, maana mtu akijua unamhesabia pumzi anazibadilisha bila hata kutaka. Wamama wakiwa wamejifunika kanga nachagua ua moja la kanga pale kifuani, linapanda linashuka, hiyo 1.

Leo kaingia baba mmoja wa makamo, kaletwa na boda kutoka shamba, macho mekundu, shati linanuka salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho huu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, ni mafua tu haya." Joto 36.8, presha 130 kwa 80, mapigo 104. Nikashikilia mkono nikaangalia kifua. 32. Nikarudia dakika nyingine, 32 tena, na mabega yanapanda. Kwa kumwangalia tu na anavyoongea ungesema mzima huyu. Sikumrudisha kwenye benchi, nikaenda moja kwa moja kwa sista, akaingizwa kabla ya watu 6 waliomtangulia, wakalalamika sana, nikawaomba radhi mmoja mmoja. Kifua kilikuwa kimebana, akavutishwa dawa, akakaa chini ya uangalizi mpaka mchana.

Nikatoka nje kumpigia baba yangu. Yuko Tandahimba na yeye anapuliza salfa wiki hii, usoni anafunga kitambaa tu, na ada yangu yote imetoka kwenye hiyo mikorosho. Nikamwambia baba nunua barakoa nzuri na miwani, simama upepo uwe mgongoni. Akasema sawa. Ntampigia tena kesho kuhakikisha.

Saa 7
Ugali wa muhogo na samaki, haraka haraka.

Saa 9 na nusu
Natoka zamu. Naenda diskasheni, tuko wanne, tunafanyiana mtihani wa vitendo kwa chekilisti. Leo nimepoteza maksi kwenye kutandika kitanda chenye mgonjwa, sio kwenye shuka, mikunjo ilikuwa sawa, nimepoteza kwa sababu sikujitambulisha na sikumwomba ruhusa kabla ya kumgeuza. Maksi 3 hizo zimeondoka na mikono hata sijanawa. Kunawa nako tunapimana kwa saa, sekunde 40 mpaka 60, na mmoja wetu kila siku anasahau vidole gumba.

Saa 3 usiku
Tumekula, mwenzangu kajilaza kwenye godoro awe mgonjwa wangu wa mwisho. Nimejitambulisha, nimeeleza, nimeomba ruhusa, kaitikia kwa kichwa. Joto, mapigo. Nilipofika kwenye upumuaji alikuwa ameshasinzia kweli, kachoka, na yeye ana kibarua chake mchana. Sikumwamsha. Nikaacha vidole pale pale mkononi, nikaangalia kanga, nikahesabu dakika nzima. 14. Nikaandika 14 nikazima taa.