Nani anamjibu

Saa sita na robo usiku, nipo Nördlingen, Ujerumani, usingizi umegoma. Tangu jioni neno la Baba linanizunguka kichwani.

Wiki yenyewe mnaijua: nimefaulu mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya B2, posa ya Mwajuma imekubaliwa, na yule bibi wa chumba namba 14 ninayewasimulia kila mara ametutoka Jumanne alfajiri, kwenye zamu yangu. Nikapewa siku mbili nipumzike. Nikapanda treni Augsburg, nikabadili Donauwörth, nikafika hapa jua halijazama.

Mji huu umezungushiwa ukuta pande zote, kilomita 2.7, na juu ya ukuta kuna njia ya kupita iliyoezekwa vigae. Nikapanda, nikatembea taratibu. Upande mmoja mawe yenye matundu ya kulengea adui, upande wa pili nyua za watu: kamba ya nguo, baiskeli ya mtoto, mzee anamwagilia nyanya.

Hapo ndipo nilipompigia Mama, akapokea Baba. Nikafurahi, maana habari niliyokuwa nayo ilikuwa yake hasa. Miaka ishirini na sita kalinda bohari la katani Tanga. Nikamwambia hapa kuna mlinzi juu ya mnara wa kanisa, mnara wenyewe wanauita Daniel, ngazi 350, na kila usiku kuanzia saa nne hadi saa sita, kila nusu saa, anaita kwa koo lake: "So, G'sell, so!" Ndivyo, mwenzangu, ndivyo. Nikamsimulia na kisa cha wenyeji, kwamba mwaka 1440 walinzi walihongwa wakaacha lango bila komeo, nguruwe akalisukuma, mwanamke mmoja akaona, mji ukapona.

Baba akanyamaza kidogo.

"Na nani anamjibu?"

"Hakuna, Baba. Ni desturi tu."

"Basi mwambie ashuke akalale."

Akanitakia usiku mwema, akakata.

Iliniuma. Shuleni tulichekwa kwa kazi ile ya Baba, na leo nimeukuta mji mzima unaienzi, nikambebea habari kama zawadi, naye akairudisha. Nimekunywa supu, nasikia "nani anamjibu". Nimegusa ukuta wa kanisa, jiwe lililozaliwa na kimondo kilichoanguka hapa karibu miaka milioni 15 iliyopita, bado "nani anamjibu".

Saa nne kamili nikafungua dirisha. Sauti ya mwanamume ikashuka kutoka juu, ikavutwa mwishoni, ikakatika. Kisha kimya. Nikajikuta nakisikiliza kile kimya, na nikakitambua.

Tulilala nyuma ya mabohari, mnakumbuka. Baba akipuliza filimbi mara mbili, yule mzee wa bohari la pili naye anapuliza mbili, kwa mbali. Sisi watoto hatukufumba macho mpaka tusikie ya pili. Usiku mmoja ya pili haikuja. Baba akachukua tochi akatoka mbio, akamkuta mwenzake kaanguka mlangoni, homa imempanda, hajitambui. Alipona kwa sababu kuna mtu alikuwa anasubiri filimbi yake.

Kumbe Baba hakudharau. Aliuliza kama mtu wa kazi anavyouliza. Na Jumanne nilibisha hodi chumba namba 14, kama kila saa, na bibi hakuitika.

Saa tano na nusu nikarekodi mwito, nikamtumia kwa WhatsApp. Tanga ilikuwa saa sita na nusu. Tiki za bluu papo hapo. Ikarudi sauti ya sekunde nne: mluzi, mara mbili. Baba! Aliyetuchapa utotoni kwa kupiga mluzi usiku, eti unaita nyoka.

Nimeusikiliza hata sijui mara ngapi, na kila nikiusikiliza natazama jina lililo juu yake. Mama. Simu ile ni ya Mama. Jioni nilipomuulizia, Baba alisema kaenda Pangani kwa shangazi. Mama haachi simu yake nyumbani, na haendi Pangani bila kuniambia. Na Baba, saa sita na nusu usiku, alikuwa macho anafanya nini?