Ming'oko nayo ni mali ya msitu

Kwetu Kilwa, ukitaja faida ya msitu kwenye mkutano wa kijiji, watu wanafikiria mpingo. Si vibaya. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha kuthibitisha kuwa msitu unatunzwa vizuri, kwa misitu vinayoisimamia vyenyewe, na gogo jeusi linaloishia kuwa klarineti Ulaya likaanza kuonekana mali ya mwanakijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo iliyofungua njia: kijiji kinatenga msitu, kinauwekea mpango wa uvunaji, kinauza. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote.

Lakini mpingo unachukua miaka 70 na zaidi kufikia kuvunwa. Hapo katikati watu wanakula nini?

Mama mdogo wangu anakula ming'oko, viazi vya porini ambavyo mmea wake hutambaa kwa kamba. Kiangazi kikiingia na kamba zake zikikauka, anaondoka na wenzake alfajiri, jembe begani. Anaipapasa kamba kwenye majani makavu mpaka inapozama ardhini, kisha anachimba polepole pembeni, asiukate mng'oko. Akishautoa, kile kichwa chenye kamba anakirudisha shimoni na kukifukia. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Mwanangu, mwakani nichimbe wapi?"

Jioni inachemshwa na maganda yake, inaliwa kwa chumvi na pilipili. Inayobaki inakwenda stendi, na hiyo ndiyo hela ya daftari na sabuni. Mwaka ambao mahindi yamekauka shambani, ndiyo chakula chenyewe.

Sasa fungua mpango wa usimamizi wa msitu wetu. Mipingo imehesabiwa na kupimwa unene. Ming'oko haimo. Uyoga haumo, wala mizizi ya dawa, wala msolo, mti ambao wazee humwaga unga chini yake wakitambika. Kwa hiyo doria ikiwakuta akina mama msituni, inawahoji kama wezi. Inaniuma sana, maana kisiki kibichi cha mpingo ulioibwa mwaka jana waliokiona kwanza ni hao hao wachimbaji, na ndio waliokimbia kutoa taarifa.

Mpango unapitiwa upya mwaka huu. Naiomba kamati iwaite wachimba ming'oko kikaoni, na kikao kisiwekwe siku ya gulio, kwa sababu siku hiyo wote wako sokoni.