Namba imeandikwa, halafu?

Siku za kupima presha bure nazipenda, lakini zinanichosha roho. Watu wanapanga foleni, namba inaandikwa kwenye kikaratasi, mtu anaambiwa "iko juu, nenda hospitali", basi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea, na kazi yangu huanza hapo walipomaliza wenzangu: kugonga mlango wa yule aliyeandikiwa 170 kwa 100 na kumuuliza kama alikwenda.

Mara nyingi hakwenda. Aende kufanya nini, naye haumwi popote? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya kupanda hawajui kuwa wanayo, na walioidhibiti ni kama mmoja kati ya watano. Kwa hiyo hata miongoni mwa wanaojua, wengi bado wako njiani kuelekea kwenye kiharusi.

Nyumbani napima upya. Namba ya kwenye foleni siiamini sana, maana mtu kapimwa akihema, akipiga soga, mkanda juu ya shati. Nikimkuta ameshikwa na mkojo namwambia akakojoe kwanza. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, kimya. Napima mara mbili, na siku nyingine tena. Ikiendelea kugonga 140 kwa 90 au zaidi, hapo twende kwa daktari. Ila akiwa na 180 kwa 120 au zaidi hata baada ya kupumzika, siku nyingine siisubiri.

Kazi kubwa ni dawa. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi nimepona, ona, 128." Nikamwambia, "Baba, hiyo 128 ni dawa inayofanya kazi. Ukiiacha itapanda tena." Alicheka, akaniita mjanja, lakini aliendelea kumeza. Mama mwingine hakuwa na ubishi wowote, ila kila akisafiri aliruka dozi kwa sababu dawa yake humkojoza, na kwenye basi atajisitiri wapi? Tulimuuliza daktari, akamruhusu siku hiyo aimeze akishafika. Wapo wanaovimba miguu kwa amlodipini na wanaokohoa kikohozi kikavu kwa enalaprili, wakatupa vidonge kimyakimya. Dawa za presha ziko za aina nyingi, hubadilishwa, rudi ukaseme. Na wale wanaomeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku kwa ajili ya magoti wajue kwamba nayo inaweza kupandisha presha.

Vinyozi wa Los Angeles wamenipa moyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wafamasia waliwafuata wateja weusi wenye presha kwenye saluni wanakonyolewa, wakawa wanawapima na kuwaandikia dawa papo hapo. Baada ya miezi sita, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 27. Kwenye saluni ambako kinyozi alihimiza tu mteja akamwone daktari, ilishuka kama 9. Mimi naisoma hivi: kuhimiza kunasaidia, lakini dawa iliyomfuata mtu alipo inasaidia mara tatu. Wapangaji wa siku za kupima wangeweka mwandika dawa palepale kwenye foleni, ningelala mapema.

Orodha yangu ya kuwatembelea huanza na waliokwisha kupata kiharusi. Ajabu ni kwamba hao ndio husahaulika upesi. Nyumba nzima inahangaika na mkono uliopooza, mazoezi na kukandwa, huku presha iliyosababisha yote hayo haipimwi tena, na kiharusi cha pili kwao kiko karibu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo nikifika naomba kwanza nionyeshwe vidonge. Vikiwa vimebaki vingi kuliko inavyotakiwa, mazoezi ya mkono yatasubiri kidogo.