Bellini yangu ya jikoni, Mestre

Ninaishi Mestre, ng'ambo ya daraja tu kutoka Venice, mwaka wa sita huu, na bado sijakaa Harry's Bar ya huko Venice, pale mwenye baa Giuseppe Cipriani alipoibuni Bellini, kinywaji cha pichi na mvinyo, miaka ya 1940. Glasi moja ndogo pale inapita euro 20, na mimi ni mtu wa kutandika vitanda hotelini. Mdogo wangu aliponiambia anakuja kunitembelea kutoka Moshi mwezi wa Julai, niliapa kwamba Bellini atakunywa, tena ya kweli, jikoni kwangu.

Nianze na kilichoniudhi. Kila niliyemuuliza kazini alikuwa mtaalamu. Mmoja akasema ninunue juisi ya pichi ya boksi. Mwingine akasema pichi za kopo zinatosha, mgeni hatajua tofauti. Atajua! Kinywaji chenyewe ni vitu viwili: rojo la pichi na Prosecco, mvinyo mweupe wa Italia wenye povu. Kimoja kikiwa kibovu, kingine hakina pa kukifichia. Na pichi ziwe nyeupe, msidanganywe na za njano. Nyeupe inanukia kama ua, haina uchachu mwingi, na ule wekundu wa kwenye ganda na karibu na kokwa ndio unaoleta rangi ya waridi hafifu, ambayo Cipriani aliifananisha na rangi za mchoraji Giovanni Bellini. Jina lilitoka hapo.

Wiki moja kabla mgeni hajafika nikafanya jaribio. Dukani niliomba Prosecco isiyo na sukari nyingi, na muuzaji akanipa chupa iliyoandikwa "extra dry", akanihakikishia kwamba hiyo ndiyo kavu kuliko zote. Si kweli hata kidogo. Extra dry ina sukari zaidi ya brut. Ukitaka kavu, tafuta neno brut. Sikulijua hilo, nikalipa, nikarudi nyumbani na furaha yangu. Pichi nikazitia kwenye blenda, nikaiacha ivume mpaka rojo likavimba kama yai lililopigwa. Nikaenda kukunja nguo. Kurudi, rojo limegeuka rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu blenda ilikuwa imeliingizia hewa tele. Nikasema potelea mbali, nikamimina mvinyo juu yake, kwa nguvu, kama mtu anayejaza ndoo. Povu likapanda, likavuka ukingo wa glasi, likapita mezani, likashuka mpaka kwenye viatu vyangu. Kilichobaki ndani kilikuwa vidole viwili vya kitu kitamu mno, kimekufa, hakina hata kiputo. Nilikaa kwenye kiti jikoni nikahuzunika kweli, maana chupa ile ilikuwa euro 8 au 9 hivi.

Usiku ule nikamkumbuka bibi yetu, Kilimanjaro, alivyokuwa akichuja maji ya ndizi ya mbege. Hakuwa na pupa. Aliacha maji yashuke yenyewe.

Basi mara ya pili blenda sikuigusa. Pichi tano zilizoiva hasa nikazikatakata na maganda yake, nikazisukuma kwenye chujio kwa mgongo wa mwiko, polepole. Maganda yanabaki juu, rangi yao inashuka na rojo. Matone machache ya limau papo hapo, kabla hewa haijaliwahi. Kisha friza, mpaka pembeni lianze kuganda. Hapa nawasihi: kila kitu kiwe baridi kabisa, rojo, chupa, jagi na glasi. Mvinyo wenye joto hutupa gesi yake haraka, na nyuzinyuzi za tunda zinazidi kuifukuza. Ndiyo maana viatu vyangu vililowa.

Ujanja ninaojivunia ni jagi. Usichanganyie kwenye glasi. Nililiweka jagi ndani ya beseni la barafu, nikatia rojo, halafu Prosecco kidogo ikiteleza ubavuni mwa jagi lililoinamishwa. Nikasubiri povu litue. Nikaongeza. Nikasubiri tena. Kipimo kimoja cha rojo kwa viwili vya mvinyo. Kukoroga ni mara mbili tu, mwiko ukitoka chini kwenda juu. Hapa hatusongi ugali.

Glasi ndefu zenye mguu sikununua. Harry's Bar wenyewe hutumia glasi ndogo zilizonyooka, na mimi ninazo zinazofanana nazo, za chai.

Mdogo wangu alinusa kwanza, akafumba macho, akanywa yote.

"Dada, niongeze. Hii haina pombe, si ndiyo?"

"Inayo, mdogo wangu. Prosecco ni asilimia 11. Kula kwanza."

Nilikuwa nimemkaangia dagaa wa hapa, sardini wadogo, tukawala na chumvi na limau dirishani huku jua likizama nyuma ya paa za jirani. Jagi lile lilitoa glasi sita. Tatu zake, mbili zangu, moja nikampelekea mama mwenye nyumba, Mveneto mzee, ambaye alikunywa amesimama mlangoni kisha akaniuliza pichi nimezipata soko gani.

Rojo lililobaki nililigandisha kwenye trei ya barafu, maana Septemba ikiisha pichi nyeupe hazionekani tena sokoni. Vipande kumi na viwili vipo kwenye friza, vinangoja Krismasi.