Poka ya Watu Wawili: Hesabu Mikono Yake Kabla ya Kugeresha

Kosa linalomaliza chipu za wengi katika poka ya watu wawili huanza na swali "ana nini huyu?" Mpinzani kaongeza dau, wewe unaamua kichwani kwamba kashika ree na mfalme, halafu unacheza raundi nzima dhidi ya karata mbili ulizozibuni mwenyewe. Swali la kuuliza ni jingine: ni mikono gani yote ingemfanya acheze hivi, na iko mingapi? Mikono hiyo kwa pamoja ndiyo renji yake, na kila anachofanya mezani kinaipunguza.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Katika Texas Hold'em, poka ambayo kila mmoja hupewa karata mbili za siri na tano hufunuliwa mezani kwa wote, mikono ya mwanzo iko 1,326. Jozi yoyote, tuseme ya tisa, hupatikana kwa namna 6. Karata mbili tofauti, kama ree na mfalme, hupatikana kwa namna 16: nne ni za aina moja (kopa kwa kopa, uru kwa uru) na 12 ni za kuchanganya. Ukishika ree moja wewe, jozi ya ree kwake inashuka kutoka 6 hadi 3, na ree-mfalme inashuka kutoka 16 hadi 12. Namba hizi zikae kichwani kabisa, maana mezani hakuna muda wa kuzitafuta.

Mkiwa wawili, mgawaji ndiye mwenye blaindi ndogo (blaindi ni dau la lazima kabla ya karata kugawiwa; mwenzake huweka kubwa). Anaanza yeye kabla ya karata za mezani kufunuliwa, na baada ya hapo anakuwa wa mwisho kuamua. Faida hiyo inamruhusu kuongeza dau na mikono 80% au zaidi, yaani zaidi ya mikono 1,060. Kwa hiyo dau lake la kwanza halikuambii karibu chochote. Linalosema zaidi ni pale blaindi kubwa inapomjibu kwa kuongeza tena. Tuseme umeona anafanya hivyo mara 15 katika kila 100. Hiyo ni mikono kama 199. Sasa hesabu mizito: jozi kuanzia ya kumi hadi ya ree ni 30, ree-mfalme 16, ree-malkia 16. Jumla 62. Mikono 137 iliyobaki ni kitu kingine, na humo ndimo mna nafasi yako ya kumpinga. Akiongeza mara 5 tu kwa 100, tupa karata zako bila kinyongo.

Tuangalie raundi moja kwa karibu. Kila mmoja ana chipu 10,000, blaindi ni 50 na 100. Mgawaji anaweka 250, wewe kwenye blaindi kubwa unafuata ukiwa na ree ya kopa na tano ya shupaza. Mzigo, yaani chipu zote zilizowekwa mezani, ni 500. Flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, inakuja mfalme wa kopa, tisa ya kopa, nne ya shupaza. Unapisha (huweki dau), anaweka 170. Dau dogo hivyo watu huliweka na karibu renji yote, kwa hiyo unalipa. Mzigo unakuwa 840. Karata ya nne ni mbili ya uru. Unapisha, naye anapisha.

Kupisha kwake hapo ndiko kunakomfichua. Mwenye mfalme na mwenzake mkubwa, mwenye mfalme na tisa, mwenye tisa tatu au nne tatu (mbili mkononi, moja mezani), wengi wao wangeweka dau, kwa sababu kopa mbili ziko mezani na kumpa mwenzako karata ya bure ni kujitafutia balaa. Mikono hiyo iondoe, au ibakize michache tu. Wanaobaki ni wenye jozi ya tisa au ya nne, wafalme dhaifu, jozi ndogo za mkononi, ree isiyopata kitu, na takataka. Na ukishaondoa mkono usiurudishe baadaye kwa sababu umeogopa. Wengi huharibu hapo: karata ya nne wanasema "hana tisa tatu," ya tano wanasema "labda anazo."

Karata ya tano ni saba ya kopa. Sasa kopa mbili mkononi ni flashi, yaani karata tano za aina moja. Kama usingekuwa na ree ya kopa, flashi angeweza kuipata kwa namna 45. Kwa kuwa unayo wewe, zinabaki 36, na zile 9 zilizotoweka ndizo flashi za juu kabisa. Juu ya hayo, sehemu ya hizo 36 angeshaziwekea dau kwenye karata ya nne.

Hapo unageresha, yaani unaweka dau kana kwamba una mkono mkubwa, kwa 1,260, mara moja na nusu ya mzigo. Ili dau hili lisikutie hasara, lazima atupe mara 60 kwa 100, kwa sababu unahatarisha 1,260 kupata 840. Ukiweka 420 ungehitaji mara 33 tu, lakini mwenye tisa angelipa bila kuumia: anahitaji kushinda mara 25 kwa 100. Dhidi ya 1,260 anahitaji 37.5, na jozi ya tisa inaanza kuonekana nyembamba mno. Madau yanayozidi mzigo yalikuwa miongoni mwa silaha za Libratus, programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliyowashinda wachezaji wanne wa kulipwa huko Pittsburgh mwezi Januari 2017, katika mikono 120,000.

Kuna hoja ya kupisha hapo, na ni hoja nzito. Ree yako peke yake inazishinda takataka zake, na takataka hazikuhitaji kugereshwa. Unachotaka ni kuziangusha jozi. Kwa hiyo jiulize kwanza kama jozi ziko nyingi kuliko takataka, na kama mtu huyu huwa anatupa jozi. Asiyetupa kitu usimgereshe hata siku moja, hata ukiwa na ree ya kopa. Msubiri upate mfalme umtoze madau makubwa mara tatu mfululizo. Na kama uliwahi kumwona akipisha karata ya nne akiwa na jozi mbili, hesabu yote ya hapo juu ianze upya, kwa sababu kupisha kwake hakupunguzi chochote.

Jambo la mwisho ni ukubwa wa dau. Siku ukiwa na flashi kweli mahali kama hapo, weka 1,260 ileile. Kwa ukubwa huo, uwiano unaomfanya ashindwe kuchagua kati ya kulipa na kutupa ni geresha 3 kwa kila mikono 5 ya kweli. Ukiweka 600 ukiwa na flashi na 1,260 ukiwa mtupu, mpinzani makini atakugundua upesi, na kuanzia hapo atalipa 1,260 zako zote.